Pointi Moja ya Limerick

Mechi ya vijana ilikuwa ikianza wakati mashabiki wengi bado wanatafuta viti. Kwa miaka mingi ndivyo mambo yalivyokwenda Croke Park, uwanja mkuu wa Dublin unaochukua watu zaidi ya 82,000. Wakubwa wa hurling walicheza alasiri, na kabla yao waliingia wavulana wasiozidi miaka 18, wamevaa rangi zilezile za kaunti zao, wakigombea ubingwa wao wenyewe. Majukwaa yalijaa polepole. Mtu aliingia na chai yake mkononi, akauliza ni ngapi ngapi, akakaa. Mengi yaliyotokea katika mechi hizo hayakumbukwi na yeyote nje ya familia za wachezaji. Msimu wa 2013 unakumbukwa hadi leo, lakini waliosababisha ukumbukwe si mabingwa.

Anayeujua mpira wa magongo asidhani tayari ameijua hurling. Timu moja ina wachezaji 15, na uwanja wake ni mrefu kuliko wa soka. Fimbo huchongwa kwa mti wa ashi, bapa upande wa chini, na mchezaji anaruhusiwa kuinyanyua juu ya kichwa chake na juu ya kichwa cha mwenzake. Mpira ni mdogo, kiini chake ni cha koki na umefunikwa kwa ngozi yenye mishono iliyotokeza. Unadakwa kwa mkono, unabebwa juu ya fimbo huku mtu akikimbia, unapigwa ukiwa hewani, na ukipigwa na mtu mzima aliyeiva hupita kasi ya kilomita 150 kwa saa. Kofia ngumu yenye chuma cha kulinda uso imekuwa lazima kwa wote tangu 2010 tu. Kabla ya hapo wakubwa waliweza kuingia kichwa wazi, na wengi waliona fahari kufanya hivyo.

Lango lake lina nguzo mbili ndefu na mtambaa panya katikati. Mpira ukipita chini ya mtambaa panya na kuingia wavuni ni goli, na goli lina thamani ya pointi tatu. Ukipita juu yake, kati ya nguzo, ni pointi moja. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa namba mbili, magoli kwanza kisha pointi: 1-16 maana yake ni goli moja na pointi 16, jumla 19. Shida inajificha kwenye hizo pointi. Mpiga anaweza kuwa mita 70 au 80 kutoka langoni, mpira unapaa juu kuliko ncha za nguzo, na chini kabisa wamesimama waamuzi wawili wa golini, makoti meupe yamewafika magotini, shingo zimepinda, wanatakiwa kusema kama kitu chenye ukubwa wa ngumi kimepita ndani au nje ya mstari ambao huko juu haupo. Wakikubali pointi wanainua bendera nyeupe. Goli lina bendera ya kijani. Waamuzi hao si waajiriwa wa mtu. Kwa desturi refa huja nao mwenyewe, watu wanne wa klabu yake au wa nyumbani kwake. Chama cha michezo ya Kigaeli, kilichoundwa mwaka 1884 katika hoteli moja ya mji wa Thurles, kinaendeshwa hivyo kuanzia chini hadi juu. Hata mabingwa wa taifa hawalipwi mshahara, na Jumatatu wanarudi darasani au kazini.

Malalamiko juu ya bendera nyeupe ni ya zamani kama bendera yenyewe. Mwaka 2013 chama kiliamua kuyamaliza kwa mtambo. Hawk-Eye, ambao mashabiki wa tenisi na kriketi walikwishauzoea, ulifungwa Croke Park kwa majaribio: kamera juu ya majukwaa zinaufuata mpira, kompyuta inachora njia yake na kuurefusha mstari wa nguzo hadi angani, kisha jibu linatokea kwenye skrini kubwa kwa Kiayalandi, *Tá* kama umepita, *Níl* kama haukupita. Ulianza kazi mwezi Juni. Mashabiki waliupenda mara moja, pengine kwa sababu ya sekunde zile chache za kusubiri, uwanja mzima ukiitazama skrini.

Msimu wenyewe ulikuwa umeanza mbali na skrini hiyo, kwenye viwanja vya mikoani. Mashindano haya ya vijana yalizinduliwa mwaka 1928, Cork wakaibuka mabingwa wa kwanza kwa kuwafunga Dublin katika mechi ya marudiano, na isipokuwa miaka mitatu ya Vita Kuu ya Pili, 1942 hadi 1944, yalichezwa kila mwaka. Mfumo wake wa asili ni mtoano mtupu: ukifungwa, fungasha. Lakini kufikia 2013 mtoano huo ulikuwa umewekewa mlango wa uani. Mabingwa wa mikoa ya Munster na Leinster walikwenda moja kwa moja nusu fainali, na walioshindwa fainali za mikoa hiyo walipewa robo fainali wajaribu tena. Galway nao waliingilia hapo, kwa kuwa mkoani kwao, Connacht, hawakuwa na mpinzani wa maana. Wapenzi wa mtoano wa zamani waliunung'unikia mlango huo. Mimi nadhani kwa wavulana wa miaka 17 ulikuwa na haki yake, maana hawana msimu mwingine wa kungoja. Mwakani wengi wao umri umekwishawapita.

Munster ndiko moto ulikowaka. Fainali ya vijana wa mkoa huo iliwakutanisha Limerick na Waterford, kaunti mbili zenye njaa ya muda mrefu. Zilichezwa dakika 60, wakatoka sare. Siku hiyohiyo, 14 Julai, kwenye uwanja huohuo mjini Limerick, wakubwa wa Limerick waliwafunga Cork 0-24 kwa 0-15 na kutwaa taji la Munster kwa mara ya kwanza tangu 1996. Watu wakaingia uwanjani kwa maelfu na mji haukulala. Vijana wao walilazimika kungoja marudiano. Waliposhinda, Limerick walipata taji la vijana la mkoa ambalo hawakuwa wamelishika tangu 1984. Kaunti ambayo mjini kwake raga ndiyo iliyokuwa ikitamba ilijikuta, katika kiangazi kimoja, ni mabingwa wa Munster wa hurling wa wakubwa na wa vijana.

Waterford walipita mlango wa uani. Tarehe 11 Agosti waliwatoa Kilkenny, mabingwa wa Leinster, katika nusu fainali ya kwanza. Kuwatoa Kilkenny Croke Park si jambo dogo kwa kaunti yoyote na kwa umri wowote, lakini wiki moja baadaye hakuna aliyekuwa akilizungumzia.

Jumapili ya 18 Agosti ilikuwa siku ya Limerick. Ratiba iliwapa nusu fainali mbili uwanja mmoja: vijana wao dhidi ya Galway, kisha wakubwa wao dhidi ya Clare. Treni na barabara za kwenda Dublin zilijaa kijani na nyeupe. Mashabiki wa soka wa huku kwetu wataikumbuka wikendi ile kwa sababu nyingine; Jumamosi yake, 17 Agosti, Ligi Kuu ya Uingereza ilianza kutumia teknolojia ya mstari wa goli, na kampuni iliyoileta ilikuwa Hawk-Eye hiyohiyo. Kwa siku moja kampuni ile ilikuwa na kila sababu ya kutembea kifua mbele.

Katika kipindi cha kwanza Barry Nash wa Limerick alipiga mpira juu kuelekea langoni. Uamuzi ukapelekwa kwenye mtambo. Uwanja ukainua macho kwenye skrini. Mchoro ukaonyesha nguzo, ukaonyesha mpira, na mpira ule ukapita waziwazi ndani ya nguzo. Kisha maandishi yakatokea: *Níl*.

Mambo mawili yaliyopingana yalitoka kwa shahidi mmoja, kwa pumzi moja, mbele ya maelfu ya watu. Kila aliyekuwa na macho aliona. Refa alifanya alichoelekezwa na mfumo, akafuata maandishi. Pointi haikuhesabiwa, mpira ukapigwa kutoka golini, mchezo ukaendelea. Na hapa ndipo ninapokwama kila ninapoisimulia habari hii. Mtambo ulikuwa umeletwa ili macho ya binadamu yasiaminiwe kupita kiasi, na siku ile macho yaliona sawasawa, hata picha ya mtambo wenyewe ilikuwa sawasawa, lakini hakukuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana, tusimame kidogo, tuangalie tena.

Ingekuwa mechi ya upande mmoja, jambo hilo lingebaki kichekesho cha magazetini. Haikuwa hivyo. Galway na Limerick walifukuzana hadi kipenga cha dakika 60 kikawakuta sare. Pointi ya Nash ingehesabiwa na mengine yote yakabaki vilevile, Limerick wangekuwa fainali. Bila shaka mtu anaweza kujibu kwamba yasingebaki vilevile. Timu iliyo mbele kwa pointi moja hucheza tofauti na timu iliyo sare. Jibu hilo ni la kweli, nalo ndilo ambalo huwafaa siku zote walionufaika. Muda wa nyongeza ukachezwa, Galway wakashinda 0-21 kwa 1-16, pointi mbili juu.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka mno. Kabla wakubwa hawajaingia, chama kilitangaza kwamba Hawk-Eye hautatumika katika mechi ya Clare na Limerick. Waamuzi wenye makoti meupe wakarudishiwa kazi yao yote. Clare walishinda 1-22 kwa 0-18, na watu wa Limerick wakarudi nyumbani wakiwa wamepoteza nusu fainali mbili kwa mchana mmoja. Jioni ilipofika maneno yote yalikuwa juu ya ile ya vijana. Kampuni ilieleza kwamba lilikuwa kosa la kibinadamu katika kuuandaa mtambo, ikaomba radhi.

Nitatua hapo kidogo, kwenye ule uamuzi wa kuuzima. Ndani ya saa chache viongozi wa chama waliona kwamba kifaa hakiaminiki kiasi cha kuhukumu mechi ya wakubwa, lakini hukumu yake ya mechi ya vijana ikaachwa isimame. Limerick waliweka pingamizi wakitaka mechi irudiwe. Halikufua dafu. Kanuni humpa refa neno la mwisho kuhusu kilichotokea uwanjani, na matokeo yakabaki yalivyo.

Waliolitetea jibu hilo walikuwa na mfano wa karibu. Mwaka 2010, katika fainali ya Leinster ya soka ya Kigaeli, Louth walikuwa dakika za mwisho kutwaa taji walilolingoja tangu 1957, Meath wakapewa goli ambalo halikustahili, na refa mwenyewe akakiri baadaye kwamba alikosea. Chama kilisema hakina uwezo wa kuamuru marudiano, labda Meath wajitolee. Meath hawakujitolea. Louth walikaa na kidonda hicho hadi 2025, walipolitwaa taji hilo kwa kuwafunga haohao Meath.

Lakini mfano wa pili ulikuwapo pia, na Limerick waliujua vizuri. Agosti 1998, katika nusu fainali ya hurling ya wakubwa, Clare walikuwa mbele ya Offaly kwa pointi tatu refa alipopuliza kipenga cha mwisho dakika mbili kabla ya wakati. Mashabiki wa Offaly waliingia kiwanjani Croke Park, wakaketi kwenye nyasi, wakakataa kuondoka. Marudiano yakaamriwa yachezwe Thurles, Offaly wakashinda, wakaenda kuwafunga Kilkenny na kuwa mabingwa wa Ireland nzima. Kwa hiyo kosa la refa liliwahi kurekebishwa. Lilirekebishwa kwa sababu maelfu ya watu wazima walikaa chini mbele ya kamera za televisheni. Mechi ya wavulana haina jeshi la namna hiyo. Wazazi wao hawakukaa kwenye nyasi. Wakubwa wao walikuwa wanakaribia kuingia, na kila mtu alitaka mechi kubwa ianze.

Fainali ilichezwa 8 Septemba, Galway na Waterford. Galway walikuwa na sifa ya kuijua njia: taji lao la vijana lililotangulia lilikuwa la 2011 tu. Waterford hawakuwa wametwaa taji hilo tangu 1948, mwaka ambao vijana na wakubwa wao walitwaa ubingwa siku moja na kaunti ile ndogo ya pwani ya kusini mashariki ikadhani zama zake zimefika. Hazikufika. Wakubwa wakapata taji moja zaidi, 1959, kisha kimya kikubwa. Kwa hiyo wavulana wa kocha Sean Power waliingia uwanjani wakiwa na miaka 65 ya wazee migongoni, mzigo ambao hawakuuomba.

Waliubeba kwa urahisi wa kushangaza. Waterford walishinda 1-21 kwa 0-16, tofauti ya pointi nane. Hakukuwa na mpira uliobishaniwa wala skrini ya kulaumiwa. Austin Gleeson, Patrick Curran, Stephen Bennett na wenzao walicheza kama watu waliokwisha kufungwa mara moja kiangazi hicho na kuona kwamba kufungwa hakuui. Nahodha Kevin Daly alipokea Kombe la Irish Press, lililopewa jina la gazeti la mwanasiasa Éamon de Valera ambalo lilikwishakufa mwaka 1995. Wavulana wale walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa wachanga wa kubebwa, nakala yake ya mwisho ilipotoka.

Mchana uleule Clare na Cork wakatoka sare katika fainali ya wakubwa, 0-25 kwa 3-16, kwa pointi iliyopigwa sekunde za mwisho na mlinzi wa Clare ambaye hakuwa na mazoea ya kufunga, Domhnall O'Donovan. Magazeti ya Jumatatu yalimjaa yeye. Wavulana wa Waterford wakapewa kurasa za ndani, kama kawaida.

Kuna swali ambalo sijalisikia likiulizwa sana: Galway nao walipata nini? Kundi la vijana waliocheza kwa uhalali wote, wakashinda muda wa nyongeza kwa nguvu zao, likaingia fainali likiwa limepewa jina la walionufaika na kompyuta. Kosa lile halikuwaumiza Limerick peke yao. Liliwanyima Galway ushindi usio na alama ya swali pembeni yake.

Wale wavulana wa Limerick hawakupotea. Wengine walirudi 2014, wakafika fainali ya vijana, wakafungwa na Kilkenny 2-17 kwa 0-19. Kisha wakakua. Mwaka 2018 wakubwa wa Limerick walitwaa ubingwa wa Ireland kwa mara ya kwanza tangu 1973, na waliowafunga kwenye fainali, kwa pointi moja, walikuwa Galway: 3-16 kwa 2-18. Cian Lynch, aliyekuwa katika kikosi cha vijana wa 2013, alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka. Barry Nash alihamishwa kutoka safu ya mbele hadi ulinzi akawa miongoni mwa walinzi bora wa kizazi chake, na kati ya 2020 na 2023 Limerick walishinda ubingwa mara nne mfululizo. Wa Waterford nao walitamba kwa njia yao. Gleeson alikuwa mchezaji bora wa Ireland mwaka 2016, na mwaka huohuo kundi lao likatwaa ubingwa wa walio chini ya miaka 21 kwa kuwafunga Galway 5-15 kwa 0-14. Taji la wakubwa ndilo lililowakimbia: fainali ya 2017 waliipoteza kwa Galway, ya 2020 kwa Limerick.

Mtambo nao ulirudishwa kazini, ukazoeleka, ukasahaulika kama vinavyosahaulika vifaa vinavyofanya kazi. Juni 2020, katika soka ya Uingereza, mashabiki wa Aston Villa na Sheffield United waliuona ukishindwa kuliona goli ingawa kipa alikuwa ameukumbatia mpira ndani ya lango, na Villa wakabaki Ligi Kuu kwa pointi moja. Croke Park zamu yake ilirudi 9 Julai 2022, nusu fainali ya soka ya Kigaeli, Galway dhidi ya Derry. Shane Walsh wa Galway alipiga, mtambo ukasema nje. Picha za televisheni zikaonyesha ndani. Safari hii walikuwa wakubwa, mechi ilikuwa hewani nchi nzima, na wakati wa mapumziko maofisa walikaa, wakaangalia, wakairudisha pointi. Galway walipotoka vyumbani kuanza kipindi cha pili, ubao ulisomeka 0-4 kwa 0-4. Kesho yake, Dublin na Kerry walipocheza, Hawk-Eye ulikuwa umezimwa.